Kivuli na Istilahi: Kufundisha Trigonometria kwa Vitendo Fumba

Mhadhara huu unahusu swali linalogusa isimu na ualimu kwa pamoja: je, mwanafunzi atangulie kupata neno, au dhana? Trigonometria ni mfano unaofaa. Katika shule za sekondari za Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri majina ya sini, kosini na tanjenti kabla hajaona kinachotajwa. Akishindwa, huhesabiwa kuwa hajui hisabati, hali huenda kilichomshinda ni lugha.

Tuitazame Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, takriban nyuzi 6 na theluthi kusini mwa ikweta. Mwanafunzi asimamishe kijiti cha mita 1 juu ya ardhi tambarare, akinyooshe kwa timazi kama afanyavyo mwashi, kisha tarehe 21 Machi apime kivuli jua lifikapo kileleni. Atapata takriban sentimita 11. Kivuli kikigawanywa kwa urefu wa kijiti, jibu ni tanjenti ya nyuzi 6 na ziada: ndiyo latitudo ya Fumba. Tarehe 21 Juni kivuli hufikia takriban sentimita 57, yaani pembe inayokaribia nyuzi 30. Tofauti ya pembe hizo mbili ni mwinamo wa mhimili wa dunia. Kijiti na uzi vimetosha.

Wala jambo hili si geni kwa kijana huyo. Chuoni alifundishwa kwamba, kwa madhehebu ya Shafi, Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, bila kuhesabu kivuli cha adhuhuri. Katika siku chache za Machi na Oktoba jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri hutoweka. Alasiri ya siku hizo jua huwa kwenye pembe ya nyuzi 45, ambayo tanjenti yake ni 1. Kijana aliijua kanuni hiyo. Hakuambiwa tu kwamba ni hisabati.

Historia ya istilahi inaunga mkono hoja hii. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliiita tanjenti kwa neno lenye maana ya kivuli. Sini ilianza katika Kisanskriti kwa neno lenye maana ya upote wa upinde. Waarabu walilichukua kwa sauti yake, likaja kusomwa kama neno la uwazi wa vazi kifuani, na katika karne ya 12 likafasiriwa hivyo kwa Kilatini. Kwa hiyo neno la Kiingereza halimfafanulii dhana hata Mwingereza.

Ni kweli kwamba mtihani hufanywa kwa Kiingereza, na kwamba kupima vivuli hakuchukui nafasi ya uthibitisho. Lakini mpangilio una uzito wake: kwanza kitendo, kisha maelezo kwa Kiswahili, mwisho istilahi ya mtihani. Kwa wanaisimu, kazi iliyopo si kuunda maneno mezani tu. Waashi, mafundi wa mashua na walimu wa chuoni hupima kila siku, na wanavyo vya kuitia vipimo vyao. Istilahi itakayotoka kwao itamkuta mwanafunzi akiwa tayari ameshaelewa.