Ukipungua Uzito, Usikisie Tembe: Dawa ya Tezi ya Shingo na Mwezi wa Ramadhani

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Matuga)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, mada ya leo ni juu ya tembe moja ndogo sana, ndogo kuliko punje ya mbaazi. Ndani yake mna dawa isiyoonekana hata kwa macho, kwa sababu hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 1,000 ndizo zinafanya miligramu moja. Lakini tembe hiyo ikizidi kidogo moyo wakimbia, na ikipungua kidogo mtu hana nguvu hata ya kuinuka kuswali. Tembe hiyo ni levothairoksini, dawa ya mtu ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi sawasawa.

Swali ambalo tutalijibu ni hili: mtu anayetumia dawa hii akipungua mwili, iwe ni kwa saumu, kwa mazoezi au kwa kubadilisha chakula, je, kipimo cha dawa kibaki vile vile au kipunguzwe?

TEZI HII NI NINI?

Weka vidole vyako shingoni, chini kidogo ya kidoto cha koo. Hapo pana tezi yenye umbo la kipepeo. Ikivimba ndio watu husema fulani ana rovu. Kazi yake ni kutoa homoni inayouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kisagwe vipi, joto liwe kiasi gani. Ni kama mpishi anayesimamia moto chini ya chungu. Moto ukizidi chakula chaungua, na ukipungua hakiivi.

Tezi inapolegea, mtu huchoka, husikia baridi hata hapa kwetu pwani, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, uso huvimba na uzito huongezeka. Kwa akina dada hata hedhi huvurugika. Wengine tezi yao imetolewa kwa upasuaji. Hawa wote hupewa levothairoksini ichukue nafasi ya ile homoni iliyokosekana, na mara nyingi ni dawa ya maisha.

Vijana wengi huuliza kama ni halali. Ni swali zuri. Mwaka 1891 daktari George Murray wa mji wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo, na mama yule aliishi miaka mingi baadaye, mpaka 1919. Baadaye zikatengenezwa tembe za tezi za wanyama zilizokaushwa, na mpaka leo ziko zinazotoka kwa nguruwe. Lakini mwaka 1927 wanasayansi Harington na Barger waliweza kuitengeneza homoni yenyewe maabara, bila ya mnyama. Levothairoksini ya tembe tunayoandikiwa hospitalini ni hiyo ya maabara. Soma pakiti, na ukiwa na shaka muulize mwenye duka la dawa.

KILO NA KIPIMO

Sasa tuje kwenye hesabu. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, madaktari huanza kukadiria kwa mikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Tuchukue mfano. Mtu wa kilo 95: zidisha kwa 1.6, wapata 152, basi huenda akaandikiwa 150. Mtu huyo akipungua mpaka kilo 75, hesabu ile ile yatoa 120. Hapo pana tofauti ya mikrogramu 30 hivi kila siku. Kwa dawa hii, hiyo si tofauti ndogo.

Waona sasa jambo lilipo. Daktari aliandika tembe kwa ajili ya mwili uliokuwa nao siku ile. Mwili umebadilika, karatasi haijabadilika. Mtu ameacha mahamri, ameacha soda, anatembea kila jioni, watu wamsifu, "mashallah, umependeza!" Na kumbe tembe ile ile iliyokuwa dawa imeanza kumzidi.

Ikizidi, dalili zake ni hizi: moyo kwenda mbio au kuruka, mikono kutetemeka, jasho na kusikia joto, kukosa usingizi, hasira za haraka, kuharisha, na uzito kuendelea kushuka. Hapo mwenyewe hufurahi kuwa mazoezi yanafanya kazi, kumbe ni dawa ndiyo inamla. Ikiendelea muda mrefu, mifupa hudhoofika, na moyo waweza kupoteza mpigo wake wa kawaida, jambo linaloweza kuleta kiharusi, hasa kwa wazee wetu.

Na hapa niseme wazi. Mama akianza kutetemeka, halali usiku, moyo wampiga, tusiwe wa kwanza kusema ni majini. Dua tuombe, na Qur'an tusome, hilo halina ubishi. Lakini mwulize pia: mama, tembe zako za shingo ni za ngapi, na ulipimwa damu lini mara ya mwisho?

BASI NIPUNGUZE MWENYEWE?

Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu akisikia hesabu ile ya kilo, aenda nyumbani akakata tembe nusu. Usifanye hivyo, na sababu ziko nne.

Kwanza, hesabu ya kilo ni makisio ya kuanzia tu. Mwili huhitaji dawa kwa kadiri ya nyama na misuli zaidi kuliko mafuta, kwa hivyo ukipoteza mafuta pekee huenda kipimo kisibadilike sana. Mwenye tezi inayofanya kazi nusu naye hatumii hesabu hiyo. Mzee na mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kidogo kidogo.

Pili, walioondolewa tezi kwa sababu ya saratani, wengine daktari huwawekea kipimo cha juu kwa makusudi. Ukimkatia tembe, umeharibu matibabu yake.

Tatu, mama mjamzito huhitaji dawa zaidi, si pungufu, na mtoto tumboni aitegemea homoni ya mama yake miezi ya mwanzo. Dada akijua ana mimba, na aende kliniki mapema, asingoje.

Nne, na hii ndiyo ya Ramadhani: mwezi huu huvuta dawa pande mbili. Upande mmoja, mtu akipungua kilo, kipimo chaweza kumzidi. Upande wa pili, saa za kula zimegeuka, tembe yamezwa pamoja na chai ya maziwa au uji, na dawa haiingii mwilini vizuri. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wanaofunga umeonyesha kuwa kwa baadhi yao dawa hupungua nguvu kidogo mwezi huu. Na mtu mwenye njaa na kiu naye hutetemeka na moyo humwenda mbio, ilhali dawa yake iko sawa. Utajuaje basi ni lipi? Kwa kukisia, hujui. Kwa damu, utajua.

KIPIMO CHA DAMU

Kipimo chenyewe huitwa TSH. Ubongo hutoa homoni hiyo kuiamrisha tezi. Dawa ikiwa ndogo, TSH hupanda, kama mtu anayepaza sauti kwa sababu hasikiki. Dawa ikizidi, TSH hushuka. Daktari huangalia hapo, akuangalia na wewe mwenyewe, ndipo abadilishe.

Dawa hii hutoka mwilini polepole: baada ya wiki moja hivi bado nusu yake imo. Ndiyo maana kipimo kikibadilishwa, hungojewa wiki 6 mpaka 8 ndipo mtu apimwe tena. Ukipima baada ya wiki moja, huambiwi ukweli.

Sasa tazama kalenda yetu. Rajabu na Shaabani kwa pamoja ni wiki 8 na kitu. Mwenye kutumia dawa hii akipimwa mwanzoni mwa Rajabu, pana nafasi ya kubadilishiwa kipimo na kuingia Ramadhani akiwa ametulia. Aliyechelewa asikate tamaa, anaweza kwenda hata akiwa amefunga. Wanavyuoni wengi wamesema kutolewa damu kidogo ya kupimwa hakubatilishi saumu.

Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo hiki. Uliza kwanza hospitali ya Kwale au Msambweni. Ukikosa, kuna kuvuka Likoni kwenda Mombasa. Nenda na pakiti ya dawa mkononi, na umwambie daktari mambo mawili: nilikuwa kilo kadhaa, sasa ni kilo kadhaa. Na kama wameza vidonge vya biotini vya nywele na kucha, sema, kwa maana vyaweza kudanganya kipimo kikaonyesha dawa imezidi na haikuzidi. Kwa kawaida huachwa siku mbili kabla ya kutolewa damu.

KUIMEZA VIPI RAMADHANI?

Dawa hii yataka tumbo tupu na maji matupu. Kwetu hapa karibu na ikweta saumu ni saa 13 na kitu mwaka mzima, kwa hivyo usiku unatosha. Shauriana na daktari uchague njia moja na uishike mwezi mzima.

Njia ya kwanza ni kabla ya kulala, saa 3 au zaidi baada ya kula. Ukimaliza futari saa 2 usiku na usile tena baada ya tarawehe, meza saa 5. Njia ya pili ni kuamka kabla ya daku: meza saa 9 na nusu usiku, subiri nusu saa mpaka saa nzima, kisha ule daku yako.

Kahawa, maziwa na chai ya maziwa viweke mbali na tembe. Vidonge vya madini ya chuma, vile wanavyopewa wajawazito kliniki, na vya kalisi, vitenganishe kwa saa 4. Usiweke dawa juu ya jiko wala ndani ya gari, joto letu la pwani huiharibu.

Kuna wanaoacha tembe mwezi mzima wakidhani ndiyo ukamilifu wa saumu. Ukisahau siku moja hakuna neno kubwa. Lakini mwezi mzima ni kuuzima moto chini ya chungu. Na mgonjwa ambaye daktari amemwambia asifunge kwa sasa, Suratul Baqara aya ya 184 na 185 imemfungulia mlango wa kulipa siku nyengine. Asione haya.

TAHADHARI KWA VIJANA

Wewe ambaye tezi yako ni nzima, usimeze tembe za mama yako ili upungue mwili. Hii si dawa ya kukondesha, na kwa mtu mzima wa afya yaweza kuhatarisha moyo. Jihadhari pia na dawa za kukondesha zisizoandikwa kilichomo ndani. Baadhi zimewahi kukutwa na homoni hii hii, na tembe za mwani nazo zaweza kuwa na ayodini nyingi mno kwa tezi.

Na kazi yenu vijana ni nyepesi. Leo baada ya futari, uliza nyumbani nani anatumia dawa hii. Andika kipimo chake, kilo zake na tarehe ya kupimwa mara ya mwisho. Kama kilo zimepungua tangu hapo, panga siku umpeleke hospitali, na umlipie nauli kama unayo. Wazazi wetu hawapendi kutusumbua, husema "mimi niko sawa tu, mwanangu." Tusingoje mpaka waanguke ndipo tujue hawakuwa sawa.

Mwili ni amana. Ukibadilika, dawa yake ipimwe upya na aliyesomea kupima.

Allah (S.W.) atukubalie saumu zetu na awape shifaa wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.