Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Wapiga Kodiani



Wahitimu, nataka mumjue mwenzenu Iry LeJeune, aliyezaliwa mwaka 1928 karibu na Church Point, Louisiana, Marekani, miongoni mwa Wacajun, jamii iliyosema Kifaransa. Tangu utotoni macho yake yalikuwa mabovu mno, kazi ya shamba ikamshinda, akashika kodiani. Haikuwa kama hizi zenu za vibao vya piano. Ya Wacajun ni ndogo, ina vifungo kumi mkono wa kulia, na kifungo kimoja kina sauti mbili: ukisukuma unapata hii, ukivuta unapata nyingine. Mpigaji hukosa pa kupumzikia, na mdundo wa dansi hutoka humo humo.

Iry alijifunza kwa kusikiliza santuri za Amédé Ardoin, mpigaji Mweusi. Inasimuliwa kwamba Ardoin alipigwa vibaya na Wazungu kwa sababu mwanamke wa Kizungu alimpa leso ajifute jasho. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Pineville. Namtaja kwa heshima, kwani Iry ni mwanafunzi wake.

Siku hizo kodiani ilikuwa imewekwa kando. Bendi zilitaka fidla na gitaa, na shuleni mtoto akisema Kifaransa aliadhibiwa. Iry, ambaye wanasema alibeba kodiani yake ndani ya gunia la unga, alikwenda Houston mwaka 1948 akarekodi "Love Bridge Waltz" kwa Kifaransa, sauti yake ikilia. Santuri ikapendwa, na wapigaji waliokwisha kuziacha kodiani wakazitoa tena.

Oktoba 1955, Iry na mwenzake wakirudi usiku kutoka kupiga muziki wa dansi, gari lao lilipata pancha. Wakibadilisha tairi kando ya barabara, gari jingine likamgonga Iry, akafa. Alikuwa na miaka 26. Mpaka leo vijana wa Louisiana hujifunza kodiani kwa nyimbo zake.

Nasi pia tuna wetu: mwaka uleule aliozaliwa Iry, mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi. Nimeambiwa chuo kina santuri za wazee wetu wa taarab, ila hazisikilizwi kwa kukosa mashine. Mashine hiyo nitainunua mimi, na naomba iwekwe darasani, si ofisini.

Wahitimu, njooni mpokee vyeti vyenu.