Kabla ya Kuliaga Gari la Zamani

Ndugu watumiaji,

Wengi mliofika leo mna gari ambalo limegeuka mdai: leo rejeta, kesho bushi, keshokutwa fundi wa umeme. Tumchukue mwalimu mstaafu wa Sengerema anayemleta mama yake kliniki Bugando. Zamani alipanga foleni ya kivuko Busisi. Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limemwondolea adha hiyo. Gari lake, hata hivyo, bado huchemsha njiani. Anacho kiinua mgongo, na fedha hiyo hailipwi mara mbili.

Dalali atamwonyesha kwanza rangi inayong'aa na kilomita chache kwenye dashibodi. Tarakimu zile huweza kurudishwa nyuma, hivyo msizisome peke yake. Tazameni usukani uliolainika, pedali ya breki iliyolika, mshono wa kiti cha dereva. Gari lililonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada. Iombeni, mlinganishe kilomita na namba ya chesisi.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo mnunuzi wa Dodoma halazimiki kuliwazia: samaki. Gari lililobeba sangara kutoka Mwaloni hudondokewa maji ya barafu chini ya zulia la buti kwa miezi mingi. Harufu hufunikwa kwa manukato. Kutu huendelea kula. Inueni zulia, toeni tairi la akiba, mguse sakafu kwa mkono.

Starehe nayo haipimwi gari likiwa limeegeshwa. Mwambieni muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika, kisha pandeni mlima wa Bugando kiyoyozi kikifanya kazi, mkitazama geji ya joto. Mama akae nyuma. Akishindwa kushuka bila kushikwa mkono, gari hilo halimfai, liwe zuri kiasi gani. Mimi ningechagua gari la kawaida ambalo spea zake zimejaa maduka ya Mwanza kuliko la fahari linalosubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000.

Sasa sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Lakini mnunuzi aliyekagua hawezi kudai kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuidhihirisha. Ukaguzi wa juujuu, basi, humgharimu mnunuzi. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Kauli kama "halijawahi kugongwa" iandikwe katika mkataba na kusainiwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, nasi tukipokea lalamiko, swali letu la kwanza huwa: maandishi yako wapi?

Fedha isitoke kabla jina lililo kwenye kadi ya gari na kitambulisho cha muuzaji havijalingana, na faini za barabarani hazijaangaliwa. Umiliki uhamishwe TRA mapema.

Huenda mwalimu wetu akarudi Sengerema mara tatu kwa basi, mikono mitupu. Hiyo ni nauli tu.

Nakaribisha maswali, aliyekuja na mkataba wake aanze.