Waya Nao Umo Hesabuni



Kila aliyesoma fizikia sekondari anaijua kanuni ya Ohm: gawanya volteji kwa ukinzani, utapata mkondo. Tumeikariri, tumeijibia mitihani. Lakini ubaoni waya huchorwa kama mstari mtupu usio na ukinzani wowote, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba umeme huanzia kwenye betri na kuishia kwenye balbu, katikati hamna kitu. Jioni hii nauzungumzia huo mstari.

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli aliyejifunza hisabati mwenyewe na kumfundisha mwanawe. Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne alipoanza majaribio yake, na kitu alichokipima kilikuwa waya. Betri za wakati ule ziliyumba mno, mkondo ukibadilika kabla hajamaliza kusoma kipimo. Mwanafizikia Johann Christian Poggendorff akamshauri aache betri, atumie chanzo cha umeme utokanao na joto, kilichotokana na ugunduzi wa mwanafizikia Seebeck wa mwaka 1821: bismuti na shaba zilizounganishwa, kiungo kimoja ndani ya maji yanayochemka, kingine ndani ya barafu. Hapo nguvu ya chanzo ikatulia. Ohm akaingiza nyaya za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti, akisoma kila mara jinsi sindano ya sumaku ilivyogeuka.

Matokeo yake ya mwaka 1826 yalionyesha kwamba mkondo hupungua kadiri waya unavyorefuka, na kwamba katika kigawanyo lazima pia ijumlishwe sehemu isiyobadilika, ile ya saketi yenyewe iliyobaki. Kwa maneno mengine, kanuni ya Ohm tangu kuzaliwa kwake ilihusu mzunguko mzima. Kitabu chake cha mwaka 1827 kilipokewa kwa ubaridi Ujerumani. Nishani ya Copley ya Royal Society ya London aliipata mwaka 1841.

Sasa tuje nyumbani. Volti 230 maana yake ni kwamba kila kulombi moja ya chaji ina jouli 230 za kutoa njiani. Ampea moja ni kulombi moja kwa sekunde. Ukinzani hutokana na elektroni kugongana na mtetemo wa atomi za waya, na kila mgongano huacha joto. Jouli hizo 230 hugawanywa kwa kila kilichomo njiani kulingana na ukinzani wake, na waya hauachi kuchukua fungu lake.

Chukua kibanda cha mlinzi kilicho mita 100 kutoka kwenye luku, kilichovutiwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 200, karibu omu 2.3. Birika la wati 2,000 lina omu 26.5 hivi. Jumla ni omu 28.8, na mkondo ni ampea 8. Volti 18 zinabaki kwenye waya. Birika linapata 212 tu na kufanya kazi kwa wati 1,690 hivi. Wati karibu 150 zinapasha waya joto, na luku inazihesabu zote. Kwa waya wa 4, hasara hiyo hushuka hadi wati 60 hivi. Anayeokoa fedha dukani kwa kununua waya mwembamba atailipa tofauti hiyo kidogo kidogo kila anapochemsha chai.

Ni sababu hiyohiyo inayofanya umeme kati ya Iringa na Shinyanga usafirishwe kwa kilovolti 400. Ukizidisha volteji mara 10, nguvu ileile hupita kwa mkondo ulio sehemu moja ya kumi, na joto linalopotea kwenye laini hushuka hadi sehemu moja ya mia.

Lakini linalonihangaisha zaidi ni kiungo kilicholegea. Tuseme skrubu ya soketi haikukazwa, pakazuka ukinzani wa omu 1. Kwa ampea 8, wati 64 hutokea mahali padogo kuliko ukucha, ndani ya plastiki, ukutani. Wengi hudhani fyuzi itakata. Haitakata. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi, na kiungo kibovu huongeza ukinzani, hivyo hupunguza mkondo. Fyuzi inaona kila kitu ni shwari huku plastiki ikianza kuyeyuka.

Kipimo cha volteji ndicho huona. Fundi mwenye ujuzi, akitumia vifaa salama, huwasha mzigo kisha hupima kati ya pande mbili za kiungo chenyewe. Kiungo kizima husoma karibu na sifuri. Kile chetu kitasoma volti 8, na hapo fundi atazima swichi kuu na kukifungua.