Maji ya Mboga Katika Chakula Chetu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama)



Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu, na najua baadhi yenu mmeshangaa kuambiwa kwamba leo sitazungumza juu ya vitabu vya hesabu. Hata hivyo nitaanzia humo humo. Nikaguapo hati za malipo, fungu la vinywaji vya vikao hujaa soda. Chama kimoja cha wakulima wa karoti na kabichi kilinunua makreti kwa makreti mwaka mzima, ilhali karoti zilizovunjika, ambazo wanunuzi walizikataa, zilikuwa zikioza nyuma ya ghala. Nilipouliza, katibu alinijibu, "Bwana Mkaguzi, mgeni hapewi karoti." Jibu hilo ndilo lililonileta hapa.

Wazee waliomo humu watakumbuka vikundi vya kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale walau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Wengi wetu, tuzilimao mboga hizo, hupakua kijiko kimoja kando ya mlima wa ugali.

Karoti ina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Upungufu wa vitamini hiyo humfanya mtu asione vizuri jioni. Lakini karotini haipokelewi vyema mwilini pasipo mafuta, kwa hiyo maji ya karoti yanywewe pamoja na chakula kilichoungwa kwa mafuta au karanga. Nyanya na limau vina vitamini C, isaidiayo mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha. Vitamini hii hupungua kwa moto na kwa kukaa. Basi kamueni na kunywa papo hapo.

Mashine si lazima. Nyumbani kwangu tunaosha karoti kwa maji yaliyochemshwa, tunazikwangua, tunazikamua katika kitambaa safi cheupe, kisha tunatia limau. Sukari hatutii. Karoti tano za wastani hukaribia kujaza glasi ndogo. Makapi msiyatupe, yatieni katika maharage, kwa maana nyuzinyuzi zilizomo husaidia tumbo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Ndiyo sababu juisi haishiki nafasi ya mboga zenyewe. Uingereza, wataalamu wa afya huihesabu kuwa fungu moja tu kwa siku, mililita 150, hata mtu akinywa ndoo.

Sasa nasema kwa uzito. Kisamvu kibichi kisikamuliwe kamwe. Kina sumu ya sianidi, na mama zetu hawakukitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu bure. Nyanya zilizopigwa dawa zisubiri siku zote zilizoandikwa kwenye kibandiko, kwani kuosha hakuondoi dawa yote.

Tena juisi si dawa ya hospitali. Mjumbe mmoja wa halmashauri, mgonjwa wa kisukari, aliambiwa na mchuuzi kwamba maji ya bitiruti na karoti yanamtosha. Akaacha vidonge, akawa anakunywa jagi zima kila siku. Katika mkutano mkuu taarifa yake ilisomwa na mtu mwingine. Yeye alikuwa amelazwa, na kwa siku mbili hakujitambua. Alipona, lakini leo husomewa barua na mwanawe. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Makatibu, nina neno moja la kikazi. Mkiamua kuandaa maji ya mboga katika vikao, karoti zisichotwe bure ghalani. Hata zikiwa zimevunjika, ni mali ya wanachama. Zinunuliwe kwa bei iliyokubaliwa na halmashauri, stakabadhi ikatwe, na mwanachama aliyezileta alipwe. Jagi na chujio viandikwe katika kitabu cha mali. Nitakapokuja nitaviulizia, na nitaomba glasi yangu kabla ya kufungua vitabu.