Dakika Kumi na Daftari Lako

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari, Mwanjelwa, Mbeya.



Najua mlitegemea leo nije na yale mliyozoea kunisikia nikiyasema: UKIMWI, mimba za utotoni, dawa za kulevya. Tutayagusa, msijali. Lakini leo nina ombi moja tu. Nawaomba dakika kumi kila siku. Dakika kumi, kalamu, na daftari. Uandike kitu kifupi, cha kweli au cha kubuni, ilimradi kiwe chako.

Nawasikia mnaoguna. "Dada, sisi tunaandika notsi kutwa nzima, na wewe unatuongezea?" Sawa, lakini hebu tuulizane. Hizo notsi ni maneno ya nani? Ya mwalimu na ya kitabu. Mtu anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amejaza sanduku zima la madaftari, na ndani yake kusiwe na ukurasa hata mmoja unaosema yeye anawaza nini. Halafu siku ya mtihani anaambiwa atunge insha, anabaki anatafuna kalamu.

Hii inahusu nini afya?

Mwaka 1986 huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo. Wanafunzi hao waliandika dakika 15 kwa siku, kwa siku nne mfululizo. Baadhi yao walipewa mambo ya kawaida tu ya kuandika. Wengine waliambiwa waandike jambo zito lililowahi kuwaumiza maishani.

Sasa sikilizeni vizuri. Wale walioandika mambo mazito walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Wengine walilia. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika jambo lenyewe pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Je, hii ina maana kalamu ni dawa? Hapana. Tafiti nyingi zimefuata baada ya hapo, na zimeonyesha kuwa faida hailingani kwa watu wote, na mara nyingi ni ndogo. Malaria itabaki kutibiwa kwa dawa ya malaria. Lakini jambo ulilolifungia moyoni linakula nguvu zako. Ukiliweka kwenye karatasi, angalau unaliona lina ukubwa gani.

Waliotutangulia

Shaaban Robert mnamjua kwa mashairi ya darasani. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Hakuwa mtu wa kukaa tu akisubiri maneno yamjie. Alikuwa na kazi ya ofisini kama watu wengine. Hata hivyo aliandika, na zaidi ya vitabu, aliandika barua kwa ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua hizo ni za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, na leo zimekusanywa kuwa kitabu. Huyo ni mtu aliyekuwa na mazoea.

Mwingine ni Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar. Aliondoka kwao akiwa kijana wa umri wa miaka 18 hivi, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza kama mkimbizi. Akiwa na miaka 21, mpweke na mwenye kukumbuka nyumbani, akaanza kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, yaani karibu miaka 18 baadaye. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wewe je, umeandika siku mbili ukaona hujui?

Nianzie wapi?

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Ukurasa mweupe unatisha. Dawa yake ni kianzio, yaani sentensi au swali dogo la kukusukuma. Nawapeni saba, vya wiki nzima:

Jumatatu: Simama Kabwe asubuhi wakati wa kwenda shule. Andika sauti tano unazozisikia. Mchague mwenye sauti mmoja, umpe jina na shida.

Jumanne: Malizia: "Konda aliponirudishia chenji, niliona kwamba..."

Jumatano: Baridi ya mwezi wa saba ingekuwa mtu, ingevaaje? Ingeongeaje?

Alhamisi: Mwandikie barua mtu ambaye hutampelekea.

Ijumaa: Lori limeegeshwa barabara kuu, linaelekea Tunduma. Dereva anawaza nini kuhusu nyumbani kwake?

Jumamosi: Mama anayeuza maparachichi anarudi jioni na ndoo bado imejaa. Anawaambia nini watoto?

Jumapili: Malizia: "Ningekuwa na ujasiri, ningesema..."

Ukianza, usisimame mpaka dakika kumi ziishe. Usifute. Usihangaike na tahajia, hapa hakuna kalamu nyekundu. Ukikosa la kuandika, andika "sina la kuandika" mpaka lije. Litakuja tu.

Mazoea yanajengwaje?

Wengine wanasema mazoea hujengeka kwa siku 21. Si hivyo. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na matokeo yalitoka mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lianze kufanyika lenyewe bila kujisukuma. Mwingine alichukua siku 18, mwingine ilikadiriwa angehitaji 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kwa hiyo ukikosa Jumanne kwa sababu umeme umekatika au mgonjwa yupo nyumbani, usijilaumu. Rudi Jumatano. Muhimu ni kulifunga zoezi lako kwenye jambo unalolifanya kila siku: baada ya kuosha vyombo vya usiku, au kabla hujafungua daftari la hesabu. Ukisema "nitaandika nikipata nafasi," nafasi haiji.

Andika jibu kabla hujaulizwa

Sasa tufike pale nilipotaka. Msichana umechoka, shule mbali, mvua inanyesha. Kijana wa bodaboda anasimama: "Panda tu, hela utanipa siku nyingine." Siku nyingine hiyo unaijua na mimi naijua. Kavulana nawe, wenzako wanakucheka kijiweni kwamba hujawa mwanaume mpaka ulale na msichana.

Wengi hukubali kwa sababu maneno hayakupatikana kwa haraka. Basi fanya hiki kiwe kianzio. Andika mazungumzo yote, kama mchezo wa kuigiza. Anasema nini? Unamjibu nini? Akisisitiza je? Akikasirika? Mara ya kwanza jibu lako litakuwa legevu. Andika tena kesho. Siku yakikukuta, ulimi wako utakuwa umeshapita njia hiyo.

Ila tuelewane: mtu akikulazimisha, kosa ni lake hata kama hukupata neno la kumjibu.

Siri ya daftari

Mtaniuliza, "Je, wakilisoma?" Ni kweli. Majumbani tunalala watatu chumba kimoja, na bwenini trangi hufunguliwa. Tumia majina ya kubuni. Andika "yeye" badala ya "mimi". Ukurasa mzito ukishauandika unaweza kuuchana vipande vipande, kwa sababu kazi yake imeshafanyika. Nawe ukiliokota daftari la mwenzako, lifunge umrudishie. Kusoma siri za mtu ni wizi kama wizi mwingine.

Pale kalamu isipotosha

Kama kila siku kurasa zako zinarudia giza lilelile, kama kuna mtu anakuumiza au kukuchezea mwili, au unawaza kujitoa uhai, daftari pekee halitoshi. Mwambie mtu mzima unayemwamini: shangazi, mwalimu wa malezi, nesi wa zahanati. Akikupuuza, mwambie mwingine. Ipo pia namba 116, simu ya kusaidia watoto hapa Tanzania, na kupiga ni bure. Kama kuongea kunakushinda, mpe mtu huyo ukurasa ausome. Umeshayaandika, huna haja ya kuanza upya.

Vijana wenzangu, msiende kununua daftari jipya. Chukueni la zamani, anzeni kwa kurasa za nyuma. Haba na haba hujaza kibaba. Leo ukishaosha vyombo, kaa chini, tazama saa, na uanze na kile cha Jumapili, hata kama leo si Jumapili: "Ningekuwa na ujasiri, ningesema..."

Dakika kumi tu.