Songea si mbali, ratiba ndiyo mbali

Ukipima kwa rula kwenye ramani, kutoka kiwanja cha ndege cha Songea hadi cha Dar es Salaam utapata kilometa zipatazo 580. Lakini basi linalopita Njombe, Iringa na Morogoro hutembea karibu kilometa 950. Dereva hana kosa. Kati ya Songea na pwani limelala pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na barabara hiyo inalizunguka. Ndege hulivuka juu kwa juu.

Ndege ya mapanga aina ya Dash 8-400, ikishatulia angani, huenda kilometa 600 na zaidi kwa saa. Kwa hesabu ya darasani, safari ingekwisha chini ya saa moja. Ongeza kupaa, kushuka na kujipanga na uwanja, inakuwa saa moja na ushei. Basi linataka kutwa nzima.

Hata hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa barua ya kwenda Muhimbili huuliza mambo mawili tu: ndege ni lini, na nauli ni kiasi gani? Akiambiwa ndege ni keshokutwa, basi la alfajiri limekwisha kuishinda. Kwa hiyo, tunapofurahia uwanja wa lami, tudai pia ratiba ya kutegemewa na nauli inayolipika. Saa za msafiri huanza kuhesabiwa pale shida inapombishia hodi.